Mtoto aulizwe anataka kukaa na nani, au wakubwa wamalize wenyewe?

Kijana wa Tabata: Wakuu, jirani yangu ameachana na mkewe, wanagombania mtoto wa kiume wa miaka tisa. Hakimu kasema mtoto aletwe asikilizwe. Ukoo umechachamaa, eti mtoto hawezi kuambiwa achague kati ya baba na mama. Mimi naona sawa tu. Mnasemaje?

Mzee Kipusa: Miaka tisa! Ukimuuliza atakwambia anataka kwenda kwa mwenye chipsi kuku. Haya mambo tumeletewa na wazungu. Wazee wakae, wamalize, mtoto apewe taarifa.

Mtu wa Kisutu: Mzee, shikamoo. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto mwenye uwezo wa kutoa maoni haki ya kusikilizwa kwenye mambo yanayomhusu. Na kabla ya hapo Sheria ya Ndoa ya 1971 ilishamtaka hakimu aangalie matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kujieleza. Kusikilizwa siyo kuamua. Anayeamua ni hakimu.

Dullah Mbagala: Si ilikuwa chini ya miaka saba wa mama, akifika saba baba anabeba mzigo wake?

Mtu wa Kisutu: Hapana mkuu. Chini ya saba inachukuliwa kwamba ni heri akae na mama, na hata hilo linapingika kwa ushahidi. Hakuna palipoandikwa kwamba siku ya kutimiza saba baba anakuja na bajaji.

Ustadhi wa Temeke: Na hilo la wazungu, Mzee Kipusa, punguza. Sisi Waislamu wa madhehebu ya Shafii, mtoto akishafika umri wa kupambanua mambo, kiasi cha miaka saba, anahiyarishwa, yaani anaachiwa achague kati ya baba na mama. Wazungu wamelikuta.

Mama Wawili: Mimi hiyo ya chipsi kuku ndiyo imenikera. Ada nalipa mimi, daftari mimi, homa ya usiku mimi. Mwenzangu anatokea Jumapili saa kumi na kifuko cha rambo na soda ya baridi, mtoto anamrukia shingoni. Halafu hakimu amuulize anampenda nani!

Fundi Seleli: Dada, usituweke wote kapu moja. Mimi natoa elfu hamsini kila mwezi na risiti za muamala ninazo kwenye simu.

Mama Wawili: Elfu hamsini. Dar hii.

Dullah Mbagala: 😂😂 Kaka Seleli, hiyo ni nauli ya daladala na andazi la saa nne.

Fundi Seleli: Andazi unalo wewe? Sheria ya zamani ilikuwa shilingi mia kwa mwezi kwa mtoto wa nje, watu wakalea, watoto wakasoma.

Mtu wa Kisutu: Ndiyo maana ikafutwa.

Bi Mkubwa wa Ilala: Wanangu, nilimsindikiza mjukuu wangu ofisi ya ustawi wa jamii. Chumba kimoja, baba huku, mama kule, shangazi mlangoni. Afisa, bahati mbaya kijana mdogo, akamuuliza, "Haya, unataka kukaa wapi?" Mtoto anabandua soli ya kiatu. Akasema, "Popote." Wakaandika popote. Tulipotoka, kwenye foleni ya maji ya kandoro ndiyo akaniambia: hataki kuhama shule, na mdogo wake asibaki peke yake. Basi. Baba wala mama hakuwataja. Mimi nasema aulizwe, ila faraghani, na asiulizwe nani.

Dullah Mbagala: Seleli hajajibu elfu hamsini.

Mtu wa Kisutu: Bi Mkubwa, umenena. Sheria inataka maoni yawe yametolewa kwa hiari ya mtoto, na inasema ndugu wakae pamoja, na asihamishwehamishwe. Mwombeni afisa akae naye peke yake, aandike upya ripoti yake kabla haijafika kwa hakimu.

Mzee Kipusa: Na akiwa kalishwa maneno na mama yake? Huyo afisa atajuaje?

Mama Wawili: Kwa nini ni mama tu anayelisha maneno? Nyie mnaolisha chipsi je?

Fundi Seleli: Mimi sikulisha chipsi mtu! Nilinunua sare mwezi wa tano, viatu mwezi wa sita.

Mama Wawili: Na wa saba?

Kijana wa Tabata: Jamani, mtoto wa jirani anakwenda mahakamani Alhamisi. Nimwambie baba yake nini?

Fundi Seleli: Wa saba nilikuwa sina kazi, na mama yake alihamia Chanika bila kuniaga. Mlitaka nitume wapi?

Dullah Mbagala: Kwenye simu, kaka. Si una risiti?