Kikundi cha familia: Bosi anapata mwenzake

Neema: Shikamooni wakubwa. Jumamosi tunamchukua mtoto wa mbwa, jike, ana wiki 9. Bosi ana miaka 9 na hajawahi kuishi na mbwa mwingine. Tukifika tuwaachie tu sebuleni wazoeane, au kuna utaratibu?

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Sebuleni hapana. Hapo ndipo Bosi anapolala, ataona amevamiwa kwake. Wakutane nje, mahali ambapo hakuna hata mmoja anayepaona ni pake.

Yusufu: Kuna ule uwanja wa mpira, mbwa wote wa mtaa wanapita pale.

Mjomba Elia: Ndiyo maana mtoto hafai kukanyaga pale, Yusufu. Chanjo za watoto wa mbwa hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe angalau wiki 16. Kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama huizuia chanjo isishike, na kila mtoto inamwisha kwa wakati wake. Wa wiki 9 bado hana ulinzi kamili, na virusi vya parvo (ugonjwa mkali wa kuharisha wa mbwa) hukaa kwenye udongo miezi na miezi. Tafuteni ua wa jirani asiye na mbwa, au mwenye mbwa mzima aliyechanjwa. Ukikosekana, tumieni uani kwenu, mbali na vyombo na malazi ya Bosi.

Mjomba Elia: Na Neema, angalia kadi ya Bosi. Chanjo zake ziwe hazijapitwa na wakati, hasa ya kichaa cha mbwa. Huyo mdogo uliza alipewa lini dawa ya minyoo. Huanza akiwa na wiki 2, inarudiwa kila wiki 2 mpaka baada ya kuachishwa kunyonya, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Watoto wa nyumbani wanawe mikono, minyoo hiyo huwapata na binadamu.

Neema: Sawa mjomba. Sasa wakikutana tunafanyaje hasa?

Shangazi Rehema: Watu wawili, kila mmoja na mbwa wake. Wa wiki 9 hajui kutembea na kamba, atakaa chini tu. Kwa hiyo wewe kaa naye chini, baba yako atembee na Bosi akizunguka kwa mbali, kama mita 8 au 10. Bosi akimtazama kisha akageuka mwenyewe kunusa majani, apewe kipande cha chakula. Mzunguko unaofuata usogee kidogo. Akishatulia, amkaribie kwa ubavu, anuse sekunde 3, aitwe aondoke. Tena. Tena. Dakika 10 zinatosha.

Shangazi Rehema: Kamba ilegee muda wote! Ukiivuta, Bosi anabanwa shingo, kifua kinainuka, na mwenzake anamwona kama anayetaka ugomvi. Bosi naye anaanza kuhusisha ule mbano na mtoto. Na usimbebe mtoto mikononi. Bosi ataruka juu kumnusa, na aliyebebwa hana pa kukimbilia.

Yusufu: Mimi nilisikia mpeleke kitambaa chenye harufu ya huyo mdogo kabla.

Shangazi Rehema: Inasaidia, ila usikitupe kwenye godoro la Bosi. Kiweke sakafuni anakopita, akinuse akitaka.

Baba Neema: Na Bosi akimngurumia? Nimchape kidogo ajue nani mkubwa?

Shangazi Rehema: Kaka, usithubutu. Kunguruma ni onyo, na ni heri aonye. Kabla ya hapo atakuwa ameshasema mara kadhaa: kageuza uso, karamba pua, kapiga miayo wala hana usingizi. Halafu mwili unakakamaa, weupe wa jicho unaonekana pembeni, mdomo unapanda meno yanatoka. Ukimchapa akinguruma, atajifunza kuruka hatua hiyo. Siku nyingine ataenda moja kwa moja kwenye kuuma na mtasema kauma bila sababu. Tena atajua mtoto akiwepo, kipigo kipo.

Baba Neema: Kwa hiyo nimwache amngurumie tu?

Shangazi Rehema: Mwondoe mtoto, Bosi usimguse. Bora zaidi umwondoe mtoto mara Bosi anapogeuza uso, kabla hajafika kwenye kunguruma. Mtoto hasomi ishara hizo bado. Anajua kuning'inia masikioni tu.

Dada Tumaini: Lakini mbwa wakubwa si huwafundisha adabu wadogo?

Mjomba Elia: Huwafundisha, kwa kiasi. Onyo zuri ni fupi na lenye kelele: anabweka au anatafuna hewa, mtoto anapiga yowe, anarudi nyuma, na Bosi anaachana naye palepale. Hakuna jeraha. Kinachotisha ni ukimya. Akimkazia macho kimya, akimfuata hata akishakimbia, akimlalia asimwachie au kumtikisa kwa meno, watenganishe na mtafute mtaalamu. Tofauti ya umbo nayo ni hatari. Bosi ana kilo 30, anaweza kumvunja mguu kwa mchezo.

Neema: Wakishikana kweli je?

Mjomba Elia: Mikono isikaribie shingo wala mdomo, hapo ndipo watu wanaumwa. Maji, sufuria zigonganishwe, blanketi juu yao, au ubao katikati. Baadaye mkague mtoto kwa vidole chini ya manyoya. Tundu la jino huonekana dogo juu, kumbe ndani nyama imechanika. Apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.

Dada Tumaini: Chakula wale pamoja wazoeane?

Shangazi Rehema: Vyumba tofauti, mlango umefungwa. Mdogo anakula mara 3 au 4 kwa siku, Bosi mara 2. Baada ya dakika 15 vyombo vyote viondolewe, hata vitupu. Mifupa na midoli ya kutafuna ikusanywe kabla mtoto hajaingia ndani. Magomvi mengi huanzia kwenye kitu ambacho sisi tunakiona takataka.

Mjomba Elia: Na chakula cha mtoto kina mafuta mengi, Bosi akikimalizia atanenepa tu.

Mjomba Elia: Neema, anainukaje asubuhi huyo Bosi?

Neema: Polepole siku hizi. Ngazi anazisita.

Mjomba Elia: Basi apimwe viungo na meno kabla ya Jumamosi. Mbwa mwenye maumivu akirukiwa kiunoni lazima awe mkali, na mtamlaumu kwa wivu. Msimpe dawa za maumivu za watu. Ibuprofen ni sumu kwa mbwa, paracetamol nayo inaweza kumdhuru.

Shangazi Rehema: Kama viuno vinamuuma, kitanda cha juu hakitamfaa. Mpe chumba chake, mlangoni weka kizuizi, mtoto abaki upande wa pili. Mtoto mwenyewe hulala saa 18 hadi 20 kwa siku. Akikaa macho saa moja, mrudishe akalale hata kama anacheza. Akichoka ndipo anapouma ovyo, kama mtoto wa mtu anayelilia usingizi. Zile saa anazolala ni zamu ya Bosi: matembezi yake, kukunwa kwake, yeye peke yake.

Yusufu: Bosi hajahasiwa, si ndiyo?

Baba Neema: Hajahasiwa.

Mjomba Elia: Basi anzeni kulipanga. Jike anaweza kupata joto la kwanza (kipindi cha kupandwa) akiwa na kama miezi 6, aina kubwa huchelewa zaidi, na linakaa kama wiki 3. Kumhasi Bosi ni jambo la kuongea na daktari akishampima. Ila msidhani mkipita wiki za mwanzo mmemaliza. Akifika miezi 5 au 6, ule uvumilivu ambao mbwa wengi huwapa watoto unapungua, na yeye anaanza kupima nguvu zake.

Neema: Nikienda kazini naweza kuwaacha wawili?

Shangazi Rehema: Bado kabisa. Kila mmoja upande wake, hata ukienda kuoga. Utawaacha pamoja pale utakapokuwa umeona kwa wiki kadhaa mfululizo kwamba Bosi akiondoka mtoto hamfuati, na mtoto akiitwa katikati ya mchezo anakuja. Kwa wengine ni mwezi, kwa wengine miezi mitatu au zaidi. Anza na dakika 5 ukiwa dirishani.

Baba Neema: Lile geti la mtoto bado liko stoo. Lakini nafasi za nondo naziona pana.

Mjomba Elia: Kichwa kikipita, mwili wote utapita, au atanasa shingo. Funga wavu mpaka chini kabisa, bila mwanya wa sakafuni.

Baba Neema: Sawa. Yusufu, njoo kesho na koleo.