Wakala kasema "umepata chuo Uingereza", kumbe ni ofa yenye masharti!

Wakuu, niko Ujiji. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Mwezi wa nne wakala mmoja wa Dar (jina nalihifadhi) alimpigia mdogo wangu: "Hongera, umepata chuo Uingereza, masters." Akatuma barua yenye nembo. Mzee wetu ni mvuvi wa Kibirizi, Kiingereza hajui, ila nembo aliiona. Ikasomwa dua, mbuzi akachinjwa, mtaa mzima ukala. Wakala akadai laki nane zake za "kushughulikia". Akapewa siku hiyohiyo.

Barua yenyewe nimeisoma juzi. Ukurasa wa pili, masharti matatu: transkripti na cheti cha digrii, IELTS (mtihani wa Kiingereza), na malipo ya awali ya ada. Jamani, hapo hujapata chuo! Chuo kinakwambia timiza haya kabla ya tarehe fulani ndipo nafasi iwe yako. Mpaka barua igeuke kuwa isiyo na masharti, CAS (uthibitisho wa chuo kwamba wamekupokea) hupewi, na bila namba ya CAS huombi viza hata uwe na mamilioni benki. (Na mamilioni yenyewe lazima yalale kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Nalo wakala hakulisema.)

Kinachoniuma hasa ni IELTS. Binti kapanda treni hadi Dar, kafanya mtihani, karudi na 6.5. Tukashangilia tena, wajinga sisi. Kumbe sharti ni wastani wa 6.5 NA kipengele chochote kisishuke chini ya 6.0. Kusikiliza 7.0, kusoma 6.5, kuzungumza 7.0, kuandika 5.5. Nusu alama tu, wakuu! Angejua mapema angekesha na insha badala ya kukesha na video za kuzungumza, ambako alikuwa vizuri tangu zamani.

Namuuliza wakala mbona hukutuambia? "Iliandikwa kwenye barua." Sasa ile laki nane ilikuwa ya nini, kama kuisoma barua ni kazi yetu?

Chuo sikilaumu. Tumewaandikia wenyewe barua pepe, siku ya pili wakajibu: arudie mtihani, majibu yafike kabla ya mwisho wa Julai, la sivyo aombe kuahirisha hadi mwakani. Wakala wiki ya tatu hii ni tiki za bluu tu.

Transkripti nayo bado inasubiri saini huko alikosoma. Hiyo nitaifungulia uzi wake.

Waliowahi kuahirisha ofa, mliomba upya au barua ya zamani ilitosha? Nijibuni haraka. Mama anauza dagaa sokoni, na kila mteja aliyekula ule mbuzi anamuuliza, "Mwanao bado hajaondoka?"