Msikiti wa Tzistarakis, Athens: kwa nini nguzo ya marumaru ilichomwa ikawa chokaa?

Msomaji_wa_Magofu aliuliza:
Ndugu wanajukwaa, nimekuwa nikisoma habari za Msikiti wa Tzistarakis ulioko uwanja wa Monastiraki, Athens, uliojengwa mwaka 1759 wakati Ugiriki ilipokuwa chini ya Dola ya Uthmaniya. Karibu kila maelezo yanarudia kisa kimoja, kwamba liwali wa mji, Mustapha Agha Tzistarakis, aliamuru nguzo ya hekalu la kale ivunjwe ili apate chokaa ya ujenzi. Jambo hili linanitatiza. Kama marumaru ile ilikuwa nzuri kiasi hicho, kwa nini hakuisimamisha kwenye baraza la msikiti badala ya kuitia tanurini? Na mnara wa msikiti ulikwenda wapi?

Fundi_Mawe alijibu:
Ndugu, jibu limo katika vipimo. Nguzo inayotajwa zaidi ni ya hekalu la Zeus wa Olimpo, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale, lililoko hapohapo Athens, na nguzo za hekalu hilo zina urefu wa mita 17 hivi, nazo zimeundwa kwa vipande vya mviringo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Ukilitazama baraza la msikiti, lenye matao matatu tu, utaona kwamba mzigo wa namna hiyo usingepata pa kukaa. Marumaru, kwa upande mwingine, ni malighafi bora ya chokaa: ukiichoma kwa joto la nyuzi 900 hivi, hewa ya kaboni hutoka na hubaki chokaa hai, ambayo ikitiwa maji huchemka yenyewe na kulainika. Ikishapakwa ukutani, hufyonza tena hewa ileile ya kaboni na kurudi kuwa jiwe, ingawa, nakiri, ni faraja ndogo kwa mwenye kuipenda nguzo.

Binti_Kuba alijibu:
Naongeza mawili. Wapo wanaosema kwamba nguzo ilitoka Maktaba ya Hadrian, kaisari wa Roma, ambayo ukuta wake wenye nguzo za Kikorintho (zenye vichwa vilivyochongwa majani) umepakana na msikiti huo. Mimi nisingeapa kwa upande wowote. Linalosimuliwa pande zote ni kwamba wenyeji waliamini kuvunjwa kwa nguzo kungeleta tauni, na kwamba liwali huyo aliadhibiwa na wakubwa wake, kwa kuwa alifanya hivyo bila idhini.

Kuhusu jengo lenyewe, chumba cha sala ni cha mraba na kimefunikwa kwa kuba moja iliyokaa juu ya kitako cha pembe nane, na kitako hicho ndicho kinachoufikisha mraba wa kuta kwenye duara la kuba bila kuonekana kama umelazimishwa. Chumba chote kimeinuliwa juu ya ghorofa ya chini, ndiyo maana unapanda ngazi kwanza. Mnara ulibomolewa baada ya vita vya uhuru vilivyoanza mwaka 1821.

Mzee_wa_Kumbukumbu alijibu:
Wengi huishia kwenye nguzo na kusahau yaliyofuata, ambayo kwangu yana ladha zaidi. Mwaka 1834 jengo lilitumika kwa dansi ya heshima ya Otto, mfalme wa Ugiriki, kisha likawa kambi, gereza na ghala kwa nyakati mbalimbali. Lilikarabatiwa mwaka 1915, na mwaka 1918 likafanywa makumbusho ya kazi za mikono za Kigiriki. Baada ya mkusanyo mkuu kuhamishiwa Plaka, mtaa mwingine wa Athens, mwaka 1973, vyombo vya udongo vilibaki palepale. Mihrabu, yaani kishubaka cha ukutani kinachoonyesha kibla, haikung'olewa, na mwaka 1966 ilitengenezwa upya ili Saud, mfalme wa Saudia aliyekuwa ameondolewa madarakani, apate pa kusali.

Msomaji_wa_Magofu:
Nawashukuru sana. Hoja ya mita 17 imenitosha, na sasa nitalitazama lile baraza la matao matatu kwa jicho jingine.