Wiki mbili Guangzhou: nitakula nini?

MamaViatu_Kadutu
Wenzangu mliokwisha kufika Guangzhou kule China, nisaidieni. Ninauza viatu soko la Kadutu hapa Bukavu, na mwezi wa kumi nakwenda kuchagua mzigo mwenyewe. Habari za bei na kontena nimeshaelezwa hadi nimechoka. Shida yangu ni chakula na zile njia zilizojaa watu. Safari yangu ya Dubai nilijifungia chumbani siku nne, biskuti na soda, kwa woga wa kuingia mahali nisipojua kuagiza. Nilirudi nimekonda, dada yangu akadhani ni ugonjwa. Sitaki tena. Halafu, sili nguruwe.

YayaWaNguba
Mama, mtaa wa Xiaobei una Waafrika wengi, wali na samaki utapata. Ila usiishie huko, tafadhali. Amka mapema uone watu wa Kantoni, wenyeji wa huko, wanavyokunywa chai: familia nzima mezani, vyakula vidogo vidogo katika vikapu vya mianzi. Chai ya kwanza wengi wanasuuzia bakuli na vijiti. Mtu akikumiminia, gonga meza kwa vidole viwili, ndiyo aksanti yao.

Mimi nilianzia kwa changfen, kwa mama mmoja wa kichochoroni mwenye kabati la chuma linalofuka mvuke. Anamimina uji mwembamba wa mchele kwenye sinia, anapasulia yai, anatupia nyama ya ng'ombe, anasukuma ndani. Haikai hata dakika mbili. Anaikwangua, inajikunja kama kitambaa kilicholowa, anakata, anamwagia sosi ya soya. Laini sana! Kuagiza ni kuonyesha kidole tu. Siku ya tatu aliponiona kwenye foleni alikuwa ameshaanza kupasua yai langu.

Nguruwe usichukulie rahisi. Huko nyama ikiitwa "rou" bila kutajwa mnyama, mara nyingi ndiyo hiyo. Shika neno hili: "bu yao zhurou", sitaki nguruwe.

Kijana_wa_Ziwani
Au tafuta migahawa ya Waislamu ya tambi za Lanzhou, supu ya ng'ombe, nguruwe haingii kabisa. Metro, treni ya mjini, ya Xiaobei ni laini ya 5. Jioni mnabanana, begi liwe kifuani. Beba kadi ya hoteli yenye anwani kwa Kichina. WhatsApp haifunguki kwa intaneti ya huko, agana na nyumbani mapema. Na Oktoba kuna maonyesho ya biashara ya Canton, yapo tangu 1957, vyumba vinapanda bei.

MamaViatu_Kadutu
Aksanti sana. "Bu yao zhurou" nimeiandika nyuma ya daftari la mzigo. Na pilipili je? Yaya, yule mama yuko njia gani?

YayaWaNguba
Chakula cha Kantoni hakiwashi, beba kichupa chako. Jina la kichochoro sikulishika. Nilikuwa nalala karibu na barabara ya Beijing Lu, hapo hapo Guangzhou, ukitoka kushoto. Usipomkuta yeye, tazama wapi wanafunzi wamepanga foleni saa moja asubuhi, usimame nyuma yao.