Naomba ushauri: vifaa vya kuhamisha tairi za lori mwenyewe nyumbani

Mwenyebodi
Wakuu, salaam. Nina lori la ekseli mbili, tairi sita. Za mbele zinalika bega la nje, za nyuma bado zina meno. Nataka za mbele ziende nyuma na za nyuma zije mbele. Nina jeki ya chupa ya tani 5 na ile spana ya kuzungusha kwa mkono yenye gia ndani. Niambieni vifaa vilivyobaki, kazi nitaifanya mwenyewe. Gari linatakiwa barabarani kesho kutwa na usingizi sipati.

KabariMbili
Mkuu, anza na chini. Kwenye lori nyingi breki ya kuegesha inashika ekseli ya nyuma tu. Ukishainua nyuma, kinacholizuia gari lisitambae ni kabari za mbele, kwa hiyo ziwe za mpira mgumu au mbao, si matofali. Jeki: upande mmoja unabeba nusu ya mzigo wa ekseli. Ikibeba tani 10, upande ni tani 5, na jeki yako imefika mwisho. Tafuta ya tani 20, uitandikie ubao mgumu wa unene wa sentimita 5. Stendi ziwe za chuma zenye pini. Tofali la saruji halikuonyi, linapasuka kwa mara moja. Inua hadi kidole kipite chini ya tairi, basi. Tairi ya inchi 22.5 na ringi yake ya chuma inakaribia kilo 90. Ukiinua zaidi ya hapo, kazi ya kuibeba ni yako. Ukiacha karibu na ardhi unaisogeza kwa mtaimbo.

Nukta
Hiyo spana ya gia ni ya kufungulia tu. Inazidisha nguvu mara kadhaa wa kadhaa, mkono hausikii chochote, stadi, ile boliti inayoshika nati, inavutika kama mpira na wewe unaendelea kuzungusha. Kwa nati bapa za M22, zile zenye washa yake, kipimo cha kukaza ni Nm (niutoni mita) 610 hadi 680. Nunua au azima toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, inayofika huko. Kaza kwa mkingamo, nati inayoangaliana na mwenzake, kwa awamu tatu, kisha rudia kipimo baada ya kilomita 80 hadi 160.

Chekibobu
Spana ya kuzungusha kwa mkono? Hiyo si ya kusagia nyama kweli?

HabuSafi
Watu wanazungumzia nguvu wanasahau usafi. Brashi ya waya kwenye uso wa habu, kitovu ambacho ringi inafungwa, na mgongo wa ringi, mpaka chuma kionekane. Rangi nene na kutu vinalala katikati, gari likitembea vinasagika, nati zinalegea zenyewe na mtu analaumu spana. Na jambo la mafuta: kwa nati bapa weka matone mawili kwenye ncha ya stadi na tone kati ya nati na washa. Kwa nati za kitako cha mviringo usiweke kabisa, kipimo chake ni cha uzi mkavu.

MamaGriisi
Gari la biashara halifanyiwi majaribio nyumbani. Mafundi wapo.

Nukta
Mwenyebodi, hujasema ringi ni za aina gani na nati zikoje.

Mwenyebodi
Ringi ni ringi tu, mkuu. Tairi 11R22.5. Za nyuma zina ile loki pembeni, pete ya chuma inayobana tairi kwenye ringi, na nati ni mbilimbili, ya ndani na ya nje. Ila tairi ya ndani kulia ina psi 60 badala ya 100, hiyo nitaijaza nikimaliza. Dada MamaGriisi, fundi nimemwona anavyopiga nyundo, siwezi kumwachia gari.

MpimaUpepo
Wakuu, tunachezewa. 11R22.5 haina tyubu na inakaa kwenye ringi ya kipande kimoja yenye bonde katikati. Loki haipo. Loki ni za ringi kama zile za inchi 20, zenye tyubu na flepu, ule ukanda wa mpira unaokinga tyubu. Huyu ameokoteza maneno akatunga kisa.

Chekibobu
Nilijua. Hata usingizi ameukosa kwa mdomo.

MamaGriisi
Watu wazima kabisa mnadanganyana.

Mwenyebodi
Sijatunga. Nimetoka na tochi kusoma ubavuni: mbele 11R22.5, nyuma 10.00R20. Aliyekuwa na gari kabla yangu ndiye aliyechanganya. Nimepima kwa futi, kimo kinalingana. Kwa hiyo bado nahamisha. Nati za nyuma kulia nimeshazilegeza, za kushoto zimegoma hata kwa bomba, stadi mbili zimekatika.

Nukta
Acha spana chini, toka mbele ya hizo tairi. Kimo kinalingana, lakini ringi hazilingani: za nati bapa hushikwa katikati na habu, za kitako cha mviringo, kama hizo mbilimbili zako za nyuma, hushikwa na stadi. Mbele na nyuma hazihamishani. Sasa hiyo psi 60 ni asilimia 60 ya upepo wake. Ringi ya loki ikitembea chini ya asilimia 80, loki inaweza kuwa imehama kwenye mfereji wake, na kinachoishikilia huenda ni hizo nati ulizolegeza. Simama kando, si mbele ya loki, ng'oa moyo wa valvu ya tairi ya nje, kisha ya ndani. Pitisha waya mwembamba kwenye valvu uhakikishe haijaziba. Usiijaze ikiwa kwenye gari: inafunguliwa, ringi inakaguliwa, inajazwa ndani ya kizimba cha chuma. Nyumbani huna.

KabariMbili
Na hizo za kushoto: nati za mtindo huo mara nyingi zina uzi wa kinyume. Tazama herufi L kwenye ncha ya stadi. Ulikuwa unakaza.

Chekibobu
Uzi wa kinyume ndani ya uzi wa kinyume.

MpimaUpepo
Nimekuhukumu vibaya, naona. Mbele unaweza kubadilisha kushoto na kulia kama tairi hazina mshale wa mwelekeo. Lakini bega la nje likilika pande zote mbili, pima kwanza mkao wa magurudumu na ulegevu wa kingipini, pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia, la sivyo meno mapya yataliwa vilevile.

Mwenyebodi
Upepo umetoka zote mbili, ya ndani ilihitaji waya kweli. L ipo. Nabadilisha stadi mbili zilizokatika basi, au?

KabariMbili
Ikikatika moja, unabadilisha hiyo na jirani zake wa pande zote mbili. Zikikatika mbili kwenye gurudumu moja, zinatoka zote kumi.