Kichekesho cha walowezi wa Oregon: gari moja litatosha?

Swali: Wakuu, tunatengeneza kichekesho cha walowezi waliotoka Missouri kwenda Oregon, huko Marekani, miaka ya 1840. Bajeti ndogo, gari la maksai ni moja tu. Msafara tutauonyeshaje?

Jibu: Lirekodini likipita mara tano, kamera ikiwa juu ya stendi bila kuguswa, kisha unganisheni picha hizo ziwe moja, yaonekane magari matano. Kila mara badilisheni kiraka cha turubai na ndoo inayoning'inia nyuma. Wingu likipita katikati, mwanga hubadilika na mahali mlipounganisha pataonekana.

Jibu: Na msipakie watu garini jamani! Humo mlijaa mizigo. Wengi walitembea kwa miguu, kilomita 3,200 hivi. Kicheko kipo hapo hapo.

Jibu: Mkuu, gurudumu la mbao likikauka husinyaa, pete ya chuma ikachomoka. Liloweke usiku kucha.