Kamba ya winchi imejeruhiwa mita 3 kutoka kwenye kulabu: niunge, nikate, au nirudi kwenye waya?

Mbuga79:
Wakuu, salaam. Gari ni Land Cruiser mkonga, winchi (mashine ya kuvutia gari likikwama) ya paundi 9500 (kama kilo 4300). Kamba ni Dyneema (nyuzi za plastiki ngumu sana) ya kusukwa, nyuzi 12, unene milimita 10, urefu mita 28. Mdomoni, pale kamba inapotokea mbele ya winchi, bado kuna zile rola za chuma za enzi za waya. Mita kama 3 kutoka kwenye kulabu, nyuzi mbili zimekatika kabisa na za jirani zimeota manyoya. Zamu (mizunguko ya kamba) za ndani kabisa kwenye drumu nazo zimekuwa ngumu na zinang'aa. Kuna anayesema nipige fundo tu niendelee, mwingine anasema nitupe yote ninunue waya. Masika inakuja na ule udongo mweusi mnaujua. Ushauri?

Fundi_Kapi:
Fundo hapana. Dyneema inateleza kama sabuni. Fundo likishika linaondoa nusu ya nguvu au zaidi, na lisiposhika linafunguka katikati ya mvuto. Kamba mpya nzuri ya milimita 10 huandikwa kukatika kwenye tani 8 hadi 9, sasa ukiigawa nusu unabaki karibu sawa tu na nguvu ya winchi yako, hapo hujahesabu uchakavu.

Manyoya peke yake yasikutishe, kamba hizi zote huota manyoya na yanakinga nyuzi za chini. Uzi mmoja uliokatika unaweza kuvumilika kwa muda. Nyuzi mbili zilizokatika jirani, hapo panakatwa. Na kwa kuwa jeraha liko karibu na kulabu, usihangaike kuunga vipande viwili. Kata hizo mita 3, tengeneza kitanzi kipya, utabaki na mita 24 hivi. Zinatosha.

Utahitaji kisu kikali, tepu, kalamu ya wino, futi na waya wa kufungia nondo uliokunjwa mara mbili uwe kama sindano ndefu. Shusha kamba yote kutoka kwenye drumu, maana ncha ya pili itakubidi uipitishe.

Kanuni ni kwamba mkia unaozama ndani ya kamba uwe mara 72 ya unene. Kwa milimita 10 ni sentimita 72. Pima 72 kutoka kwenye ncha, weka alama ya kwanza. Zungusha kamba kwenye ile pete ya chuma yenye mfereji, na pale inapokutana weka alama ya pili. Kama kulabu yako haina pini ya kufungua, iingize sasa hivi pamoja na pete. Wengi hukumbuka kulabu wakishamaliza.

Fungua msuko kwenye alama ya pili, nyuzi 6 huku na 6 huku, pitisha mkia katikati hadi alama mbili zikutane. Halafu, pale pale mkia unapotokea, fungua msuko wa mkia na upitishe ndani yake ncha ile ndefu ya kamba, yote mpaka mwisho. Vuta. Kitanzi kimejifunga, hakiwezi kurudi.

Hiyo ni kufuli tu, nguvu bado. Nguvu inatoka kwenye mkia uliozama, kwa sababu kamba ikivutwa inabana mkia kama mkono unavyokaza. Kwanza chonga mkia: kwenye sentimita 25 za mwisho kata uzi mmoja mmoja kwa kupokezana, wa kulia kisha wa kushoto, mpaka ncha ibaki na nyuzi 4 au 5. Usipochonga, kamba itakuwa na bega la ghafla pale mkia unapoishia na hapo ndipo itakapokatikia. Ingiza sindano ya waya ndani ya kamba umbali wa sentimita 75 hivi kutoka kwenye kufuli, itokee kando ya kufuli, funga mkia kwa tepu, vuta ndani. Kisha shika kamba kwenye kitanzi na uikamue kwa nguvu kuelekea drumu, mara kadhaa, mpaka ncha yote imezwe. Kazi safi inabakiza karibu asilimia 90 ya nguvu.

Rola_Laini:
Aliyosema Fundi_Kapi ni sawa, ila bila kugusa mdomo utarudi hapa baada ya mwezi. Waya wa chuma huchora mistari kwenye rola. Chukua kipande cha soksi ya nailoni, kipitishe juu ya rola. Kikinasa popote, na kamba inanasa hapo hapo. Angalia pia pembe ambapo rola ya kusimama inakutana na ya kulala: kuna mwanya, na ukivuta kwa ubavu kamba laini inaingia humo na kubanwa.

Rola zenye mikwaruzo midogo unaweza kuzisawazisha kwa tupa laini kisha msasa namba 400. Mimi ningezitoa, niweke mdomo wa alumini wenye kingo za mviringo. Matundu ya boliti kwa winchi za ukubwa wako kwa kawaida yako milimita 254 katikati kwa katikati, hivyo bampa haitobolewi upya. Ukishaweka alumini usirudishe waya juu yake kamwe, unaichimba mfereji.

Kuhusu zile zamu ngumu: zikunje-kunje kwa vidole. Ikilegea na kurudi laini, ulikuwa mgandamizo tu, haina neno. Ikibaki kama fimbo na nyuzi zimeshikana, hiyo imeyeyuka, kata. Winchi nyingi za namna hii zina breki ndani ya drumu. Ukiteremsha gari kwa mota kamba ikiwa na mzigo, breki inachemka na joto linaingia kwenye zamu za chini. Dyneema inaanza kudhoofu mapema, ukizidi nyuzi joto 70 hivi, na inayeyuka karibu na 150. Kwa hiyo kutoa kamba, fungua klachi ya winchi uvute kwa mkono.

Mbuga79:
Asanteni. Zamu tatu za chini hazilegei, nazikata pia. Na yule anayenishauri ninunue waya, anasema niufunge kwa klampu za U, mnasemaje?

Waya_Mzee:
Waya si mbaya, hasa penye mawe makali. Lakini klampu ni za dharura tu, zinabakiza asilimia 80 zikifungwa sawa. Kwa waya wa milimita 9.5 weka mbili, mimi naweka tatu. Tandiko la klampu (kile kipande kinachofungwa kwenye U kwa nati) likae upande mrefu unaobeba mzigo, U ikae kwenye mkia. Ukigeuza, U inaponda waya unaobeba. Kaza nati hadi Nm 61 kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), vuta mzigo mara moja, kaza tena, maana waya hupungua unene ukivutwa. Na usiunge waya katikati kwa klampu, hauwezi kukaa kwenye drumu.

Fundi_Kapi:
Wakati wa kurudisha kamba: itoke chini ya drumu kama ilivyokuwa, ukiigeuza breki haitashika. Ile skrubu ya kwenye drumu haibebi mzigo, msuguano ndio unaobeba, hivyo usitoe kamba mpaka zikabaki chini ya zamu 10 (waya ni 5). Zamu za kwanza zivishe soksi ya kukinga joto kama unaipata. Viringisha ukiwa na mvuto wa kilo 200 hadi 250: funga kulabu kwenye mti kwa mkanda, gari kwenye mteremko mdogo, gia huru, mtu akigusa breki kidogo, winchi ivute gari kupanda. Ukiviringisha ikiwa legevu, siku ya mzigo zamu ya juu inazama kati ya zamu za chini na kukwama humo.

Baada ya matope, osha kwa maji mengi na sabuni ya kawaida, huku ukiikunja ili mchanga utoke ndani ya msuko. Anika kivulini. Oili, grisi, dizeli, hakuna hata kimoja, vinakusanya mchanga tu.